Fedha za Umma na Nasaba ya Kipanya

Imekuwa ada ya zama zetu kuwapa wafanyabiashara sifa zote za uvumbuzi, hata kijana wa leo akiulizwa ni nani aliyemwezesha binadamu kusogeza mkono mezani na kuona kishale kikitii juu ya kioo cha kompyuta, au ni nani aliyewaza kwamba dirisha moja la maandishi laweza kufunguliwa juu ya jingine, jibu lake halitaki muda: atataja tajiri mmoja wa California, na gereji ya wazazi wake, na werevu uliomtoa katika hali ya chini ukamfikisha katika ukwasi usio na kifani. Hadithi hiyo si uongo mtupu, kwani matajiri hao walifanya kazi yao, nasi tutawapa haki yao mahali pake. Lakini ni mithili ya wasifu wa mtu unaoanzia siku ya harusi yake, ukanyamaza juu ya aliyemzaa, aliyemlea na aliyemlipia ada ya shule.

Mlipaji wa ada, katika habari hii, alikuwa hazina ya serikali. Tangu miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili hadi miaka ya sabini ya karne iliyopita, karibu kila hatua kubwa iliyomsogeza binadamu karibu na kompyuta, hata wakaweza kusemezana kwa macho na vidole badala ya kadi zilizotobolewa matundu, ililipiwa kwa kodi za raia, aghalabu raia wa Marekani, ambao wengi wao hawakujua kwamba walikuwa wakilipa, wala hawakuambiwa faida itarudi lini na kwa njia gani.

Wala jambo hili halikuanza kwa mapenzi ya elimu, bali kwa hofu. Mwaka 1944 Jeshi la Majini la Marekani liliwataka wahandisi wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kijulikanacho kwa herufi zake MIT, watengeneze mtambo wa kuwafundishia marubani bila ya kuwarusha angani. Jay Forrester aliyekabidhiwa kazi hiyo, pamoja na mwenziwe Robert Everett, alitambua upesi kwamba mtambo kama huo hauna maana usipojibu papo hapo, kwa kuwa rubani avutaye usukani hawezi kungoja hadi kesho ndipo ndege yake igeuke. Nao wakaliacha wazo la mtambo wa mafunzo, wakajenga kompyuta nzima, wakaiita Whirlwind, na gharama yake ikawa yapanda mwaka hata mwaka hadi wakubwa wa majini wakaanza kunung'unika. Yamkini mradi huo ungalikufa lau si tukio la Agosti 1949, Wasovieti walipolipua bomu lao la kwanza la atomiki, na Jeshi la Anga la Marekani likatanabahi kwamba halina njia ya haraka ya kuziona na kuzikabili ndege za adui zitakazokuja kwa njia ya kaskazini. Whirlwind ikapata mlezi mpya, na mlezi huyo hakuhesabu senti.

Hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa ulinzi wa anga ulioitwa SAGE. Katika kompyuta za siku zile mtu hakuonana na mashine. Alikabidhi kadi zake dirishani kwa mtumishi, akaenda zake, akarudi baada ya saa nyingi, pengine kesho yake, kupokea karatasi ya majibu, na kama alikosea nukta moja ilimlazimu kuanza upya. Ulinzi wa anga haukuwa na nafasi ya ukarani wa namna hiyo. Askari wa SAGE aliketi katika chumba chenye kiza mbele ya kioo cha duara, akaona nukta ikimulika, akailenga kwa bunduki ya mwanga iliyounganishwa kwa waya, akafyatua, na kompyuta ikamletea habari za ndege ile aliyoionyesha. Mtu wa kawaida, asiyekuwa mwanahisabati, alikuwa ameonyesha kitu kwa mkono na mashine ikafahamu muradi wake. Mfumo wenyewe, uliomeza mabilioni ya dola, ulikamilika wakati makombora yamekwisha kuanza kushika mahali pa ndege za mabomu, hata kwa hesabu ya vita waweza kuhukumiwa kuwa hasara. Kwa hesabu ya elimu ya mtu na mashine, sijui kama kuna hasara nyingine iliyozaa zaidi.

Marekani haikuwa peke yake katika jambo hili. Huko Uingereza, Ralph Benjamin, aliyekuwa akilitumikia jeshi la majini, alibuni mwaka 1946 tufe la kuviringisha kwa kiganja ili kuonyesha mahali juu ya kioo cha rada, na buni yake ikawekwa siri. Na huko Kanada, mwaka 1952, wahandisi waliokuwa wakilitengenezea jeshi la majini la nchi yao mfumo ulioitwa DATAR walifanya jambo lilo hilo kwa kutumia tufe la mchezo wa kuangushia pini, wakalipachika katika kisanduku. Wajerumani nao, wakiitengenezea mamlaka yao ya usalama wa safari za anga, walifika kwenye tufe lililopinduliwa juu chini na kushikwa mkononi, na kampuni ya Telefunken ikalitangaza Oktoba 1968. Nchi nne, na katika kila moja aliyeagiza na kulipa alikuwa serikali, kwa sababu serikali peke yake ndiyo iliyokuwa na vyombo vya kuonyesha mambo yanayokwenda mbio kuliko ulimi wa mtu.

Lakini zana za askari zingalibaki kambini kama pasingalitokea watu walioona ndani yake kitu kingine. Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, na Februari iliyofuata serikali ya Rais Eisenhower ikaunda ndani ya Wizara ya Ulinzi wakala wa utafiti wa mambo ya mbele, maarufu kwa herufi zake ARPA, ili taifa lisipatwe tena na fedheha kama ile. Mkuu wake wa tatu, Jack Ruina, alimwajiri Oktoba 1962 mtu ambaye hakuwa askari wala mhandisi wa kompyuta: J. C. R. Licklider, mwanasaikolojia aliyekuwa amejipatia sifa kwa kuchunguza namna sikio la binadamu lisikiavyo.

Licklider alikuwa amejifanyia mtihani wa ajabu. Alijiandikia kila alichokitenda katika saa zake za kazi, akakuta ya kwamba kama asilimia 85 ya muda aliouita wa kufikiri haukuwa wa kufikiri kabisa, bali wa kujitayarisha kufikiri: kutafuta karatasi, kuchora grafu, kugeuza hesabu za mtu mmoja ziweze kulinganishwa na za mwingine. Mwaka 1960 aliandika makala akitabiri ushirika kati ya mtu na kompyuta, mtu akiweka makusudi na kuuliza maswali, mashine ikibeba ule utumwa wa karani. Sasa alikuwa amepewa ofisi, na fedha za jeshi, na ruhusa ya kuzitumia.

Inafaa tukae hapa kidogo, kwa kuwa namna Licklider alivyozitoa fedha hizo ndiyo kiini cha habari yetu. Hakutangaza shindano la kampuni, wala hakudai kila mwombaji aandike kitu gani kitauzwa baada ya miezi mingapi, bali aliwatafuta watu. Alikwenda mwenyewe MIT, akaenda Carnegie, akaenda Berkeley na Stanford, akaangalia nani ana akili na shauku, akampa fedha za miaka, akamwacha. MIT peke yake ilipata mwaka 1963 mradi wa dola zipatazo milioni 2 za kutengeneza kompyuta ambayo watu wengi wangeitumia kwa wakati mmoja, kila mmoja akijiona kana kwamba ni yake peke yake. Katika barua aliyowaandikia watu wake mwaka huo aliwaita, kwa mzaha ambao baadaye ulikuja kuwa nusu ya kweli, wanachama wa mtandao wa kompyuta wa baina ya nyota. Mtindo huo ungaliweza kuleta upendeleo, na nina hakika mkaguzi yeyote wa hesabu za serikali angeutilia shaka, pengine kwa insafu; lakini matunda yake yamo mkononi mwa kila asomaye makala haya kwenye simu.

Mrithi wake mwaka 1964 alikuwa Ivan Sutherland, kijana wa miaka 26, ambaye mwaka uliotangulia alimaliza shahada yake ya udaktari kwa programu aliyoiita Sketchpad. Aliitunga katika maabara ya Lincoln, iliyozaliwa na mradi ule wa ulinzi wa anga, kwenye kompyuta iliyojengwa kwa fedha za jeshi. Na kwa kalamu ya mwanga mtu aliweza kuchora mstari uliopinda kwa mkono unaotetema, akaiambia mashine mistari hii iwe sambamba, au pembe hii iwe mraba, na mchoro ukajinyosha wenyewe mbele ya macho yake. Baada ya Sutherland akaja Robert Taylor, naye alikuwa na vyombo vitatu vya kuandikia katika ofisi yake ya Pentagon, kila kimoja kimeungwa na kompyuta ya mahali pengine na kila kimoja kina amri zake, akalazimika kuhama kiti hadi kiti kila alipotaka kusema na watu wengine. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mwaka 1966 aliingia kwa mkuu wa ARPA, Charles Herzfeld, akamweleza adha hiyo, na baada ya dakika kama 20 akatoka na dola milioni 1 za kuanzisha mtandao utakaoziunga kompyuta hizo. Mtandao ule ndio mama wa intaneti.

Taylor huyuhuyu ndiye aliyekuwa ameutia mkono wake, hata kabla ya kuhamia ARPA, katika kazi ya mtu ambaye mimi namhesabu kuwa mwenye makuu kuliko wote katika nasaba hii, na ambaye dunia ilimlipa kidogo kuliko wote. Douglas Engelbart alizaliwa Portland, Oregon, mwaka 1925. Vita vilipokwisha alikuwa fundi wa rada wa Jeshi la Majini huko Ufilipino, na katika kisiwa cha Leyte aliingia maktaba ndogo ya Msalaba Mwekundu, akasoma makala ya Vannevar Bush, mshauri mkuu wa sayansi wa serikali ya wakati wa vita, iliyobashiri meza ambayo mtu angeketi mbele yake na kuita juu ya vioo kila kitabu na kila waraka aliowahi kuusoma. Miaka michache baadaye, akiwa na kazi nzuri na mchumba, alijiuliza maisha yake yote atayatumia kwa kitu gani, akakumbuka vioo vya rada alivyovizoea. Kama mashine yaweza kumchorea askari ndege iliyo mbali, mbona isiweze kumchorea mtu fikira zake mwenyewe, akazipanga na kuzipangua, na wenziwe wakaziona?

Mwaka 1957 alijiunga na Taasisi ya Utafiti ya Stanford huko Menlo Park. Wakubwa wake hawakumfahamu, na wafanyabiashara hawakumfahamu zaidi, kwa maana hakuwa na kitu cha kuuza. Alikuwa na fikira kwamba matatizo ya dunia yanazidi kuwa magumu kuliko akili ya mtu mmoja, na kwamba sharti pajengwe vyombo vya kuikuza akili ya watu walioungana. Ofisi ya utafiti ya Jeshi la Anga ndiyo iliyompa akali ya fedha za kuandika fikira hiyo, akaitoa Oktoba 1962 katika ripoti ndefu, nzito, yenye maneno aliyoyabuni mwenyewe. Ripoti hiyo ikasomwa na wachache, lakini wachache hao walikuwa ndio hasa: Licklider akampa fedha za ARPA, na Taylor, aliyekuwa wakati huo mtumishi wa shirika la anga la NASA, akamwongezea za kwake.

Zilikuwa fedha za NASA zilizolipia swali dogo ambalo hakuna mwenye duka ambaye angelipia. Ikiwa mtu ana maandishi juu ya kioo, njia ipi ni nyepesi ya kuonyesha neno analolitaka? Kalamu ya mwanga ilikuwapo, na fimbo ya kuelekezea ilikuwapo. Engelbart alikuwa amechora katika daftari lake, akiwa ameketi mkutanoni bila shaka kwa kuchoka, kifaa chenye magurudumu mawili yaliyosimama mraba moja kwa jingine, moja likipima mwendo wa kando na jingine mwendo wa mbele na nyuma; na mhandisi wake, Bill English, akakitengeneza mwaka 1964, kijisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja juu yake na waya kama mkia. Wakaongeza hata chombo cha kusukumwa kwa goti chini ya meza. Kisha wakawaketisha watu, wakavipima vyombo vyote kwa saa na kwa hesabu ya makosa. Wageni wa kazi walikuwa wepesi zaidi kwa kalamu na kwa goti. Lakini wale waliokwisha kuzoea walifanya haraka zaidi na kukosea kidogo zaidi kwa kile kijisanduku, na ripoti ya matokeo hayo ikapelekwa NASA mwaka 1965. Kipanya hakikutokana na ufunuo wa usiku mmoja, bali kilishinda mtihani, na ada ya mtihani ililipwa na serikali.

Siku kuu ya Engelbart ilikuwa tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, mbele ya wataalamu wapatao 1,000. Aliketi jukwaani amevaa shati jeupe na tai, mkono wa kuume juu ya kipanya, mkono wa kushoto juu ya kibao cha vitufe vitano, na masikioni visemeo kama vya rubani. Nyuma yake palikuwa na kioo kikubwa kilichoangaziwa na mtambo ulioazimwa NASA. Na kompyuta yenyewe ilikuwa Menlo Park, kiasi cha kilometa 48 kutoka pale, ikiunganishwa kwa mawimbi ya redio. Kwa muda wa dakika 90, kwa sauti ya upole isiyopanda wala kushuka, aliandika orodha ya vitu vya kununua sokoni, akaipanga kwa mafungu, akaigeuza kuwa ramani ya njia ya kurudi nyumbani, akagusa neno na waraka mwingine ukafunguka, kisha akamwita mwenziwe wa Menlo Park, uso wake ukatokea katika pembe ya kioo, na wote wawili wakayahariri maandishi yaleyale huku wakizungumza. Walipomaliza, watu walisimama wakapiga makofi. Yote aliyoyaonyesha yamekuwa ya kila siku kwetu, na yote yalilipiwa na ARPA, NASA na Jeshi la Anga.

Haki ya uvumbuzi wa kipanya ilitolewa Novemba 1970, nayo ilikuwa mali ya taasisi. Baadaye, kwa alivyosimulia Engelbart, taasisi iliiruhusu kampuni ya Apple kukitumia kwa malipo ya kiasi cha dola 40,000. Na muda wa haki hiyo ukaisha mwaka 1987, kabla kipanya hakijaenea katika kila ofisi ya dunia. Mvumbuzi mwenyewe hakupata mrabaha. Alipata Tuzo ya Turing mwaka 1997 na nishani ya taifa ya teknolojia mwaka 2000, akafariki Julai 2013, bado akisikitika kwamba watu walichukua kipanya wakaiacha fikira iliyokizaa.

Mkono uliofunguka huweza kufumbwa. Mwaka 1969 Seneta Mike Mansfield alipitisha sharti la kwamba fedha za jeshi zisitumike kwa utafiti usiohusiana moja kwa moja na kazi za jeshi. Na nia yake ilikuwa njema, kwani vita vya Vietnam vilikuwa vimewachukiza watu kuona bunduki na vyuo vikuu vikila sahani moja. Lakini hapakuwa na mfuko mwingine wa raia uliokuwa tayari kuubeba mzigo huo wote, na wataalamu wakaanza kutazama kando. Kampuni ya Xerox, iliyotajirika kwa mashine za kunakili karatasi, ilifungua mwaka 1970 kituo chake cha utafiti huko Palo Alto. Taylor akaenda, Bill English akaenda, na vijana waliosomeshwa kwa fedha za ARPA katika vyuo mbalimbali wakawafuata, miongoni mwao Alan Kay, aliyekuwa ameyashuhudia maonyesho ya Engelbart. Mwaka 1973 walikuwa wameunda Alto, kompyuta ya mtu mmoja yenye kipanya na maandishi yanayoonekana juu ya kioo kama yatakavyotokea kwenye karatasi. Mtu akiisifu Xerox kwa hilo hasemi uongo. Ila alama za vidole vya hazina zimo humo kila mahali.

Na hapa tuwape wafanyabiashara haki yao. Steve Jobs wa Apple alikizuru kituo hicho Desemba 1979, akaona kwa muda mfupi yale ambayo wakubwa wa Xerox hawakuyaona kwa miaka. Kipanya cha Xerox kiligharimu mamia ya dola na kuharibika upesi. Jobs alimtaka mbunifu kijana, Dean Hovey, atengeneze cha bei ndogo mno kitakachodumu, naye Hovey akaanza majaribio yake kwa tufe lililotoka katika chupa ya marashi ya kwapani. Tarehe 24 Januari 1984 Macintosh ilitolewa kwa bei ya dola 2,495, na kitu kilichokuwa cha mamia ya watu kikawa cha mamilioni. Kazi hiyo si ndogo, na serikali ya Marekani isingaliifanya vizuri. Ninachokikataa ni kuhesabu mavuno na kumsahau aliyelima.

Vioo vya kugusa navyo vina nasaba hiyohiyo. E. A. Johnson alivieleza mwaka 1965 akiwa katika maabara ya rada ya serikali ya Uingereza huko Malvern, akiwakusudia waongozaji wa ndege. Na miaka ya sabini wahandisi wa CERN, maabara ya Geneva inayogharimiwa na serikali za Ulaya, wakavitengeneza vya kwao ili kuongozea mtambo wao mkubwa. CERN hiyohiyo iliutoa mtandao wa tovuti kwa walimwengu bila malipo, tarehe 30 Aprili 1993.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki asidhani kwamba habari hii ni ya ng'ambo peke yake. Serikali zetu zimefumba mkono na kuufumbua: mwaka 1974 Tanzania, iliyokwisha kupata hasara na karaha kwa kompyuta za Wizara ya Fedha, ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini. Lakini chombo kilichotufundisha sisi, wanavijiji na wachuuzi na walimu, kuamrisha mashine kwa vidole, hakikuwa kompyuta ya mezani. Kilikuwa M-Pesa, nayo pia ilianza kwa fedha za umma.

Mwanzoni mwa karne hii Wizara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza ilikuwa na mfuko wa kuzishawishi kampuni kuwahudumia watu wasio na benki, kwa sharti kwamba kampuni nayo itie chake. Nick Hughes wa Vodafone aliomba, wizara ikatoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikachangia kiasi kama hicho, sehemu kubwa kwa saa za kazi za watumishi wake. Kwa kampuni ya ukubwa ule fedha hizo zilikuwa chembe. Lakini Hughes ameeleza kwamba bila ya hizo wazo lake lingelazimika kushindana ndani ya kampuni na miradi yenye faida ya haraka, na lingeshindwa. Majaribio yalifunguliwa Kenya Oktoba 2005 kwa wateja wasiofika 500, kwa msaada wa Safaricom, ambayo hisa zake nyingi wakati huo zilikuwa za serikali ya Kenya kupitia Telkom Kenya, pamoja na benki moja na shirika la mikopo midogo la Faulu.

Muradi wa kwanza ulikuwa kulipa mikopo. Wateja wa Faulu walipewa simu, wakafundishwa kulipa rejesho la kila juma bila kubeba noti. Susie Lonie, aliyetumwa Nairobi kuusimamia mradi, na wenziwe wakawa wakitazama, na walichokiona kikawashangaza. Wateja walikuwa wakiligeuza jambo. Mmoja aliyetaka kusafiri aliweka fedha kwa wakala kabla ya kupanda gari, akazitoa alikofika, asiibiwe njiani. Wenye biashara walilaza humo mauzo ya jioni, benki zikiwa zimefungwa. Wengine walilipiana, wengine waliwanunulia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi. Lile la mikopo, lenye hesabu ngumu za kusawazisha na vitabu vya shirika, likawekwa kando. Na huduma iliyofunguliwa rasmi Machi 2007 ikawa nyepesi: kuweka, kutoa, kutuma, kununua muda wa maongezi, yote katika orodha fupi ya maneno ndani ya kadi ya simu ya bei ndogo kabisa, na namba ya siri mwisho. Kabla ya mwaka ule kwisha waliojiandikisha walipita milioni 1, na mwaka 2008 huduma ikavuka mpaka kuingia Tanzania.

Katika maoni yangu, orodha ile fupi ni kazi ya usanifu isiyopungua heshima mbele ya kipanya cha mbao. Zote mbili zilipatikana kwa njia moja: kuwapa watu chombo, kuwaangalia wakikitumia, na kuwa na subira ya kukibadilisha kabla ya kukiuza. Subira hiyo ina gharama, na mwenye duka, ambaye lazima atoe hesabu kwa wenye hisa kila robo ya mwaka, ni nadra kuimudu peke yake. Kasoro yetu ni kwamba kwa M-Pesa subira ililipwa na hazina ya London, si ya Nairobi wala ya Dar es Salaam.

Januari 2007, miezi miwili kabla ya M-Pesa kufunguliwa, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Addis Ababa wakahimizana kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti. Nchi nyingi hazijafika hapo hadi leo. Basi Juni ijayo, mawaziri wa fedha watakaposimama kusoma makadirio Nairobi, Dodoma na Kampala, asimame walau mbunge mmoja katika kila bunge aulize fungu la utafiti ni kiasi gani, amepewa nani, na amepewa muda wa miaka mingapi. Na asikubali kuketi kabla ya kujibiwa hilo la tatu.